Hotuba ya Mwenyekiti: Mtoto Akifungwa Muhogo, Nani Abaki Naye?

(Ilisomwa Mbamba Bay, siku ya kusherehekea miaka kumi ya kikundi chetu, 2015 hadi 2025)



Wapo wenzetu tulioanza nao mwaka 2015 pale chini ya mwembe ambao leo hawapo nasi. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Asanteni. Tuketi.

Akina mama hoyee!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Katibu wetu amekwisha kusoma taarifa. Mmesikia habari za hisa, mikopo, mabati yaliyoezekwa na watoto waliosomeshwa. Mweka Hazina naye amesoma hesabu na hakuna aliyenung'unika, jambo ambalo si dogo katika vikundi vya siku hizi. Hayo yote yamo humu katika kijitabu, na sisi hatutayarudia.

Kwa desturi maneno ya mwenyekiti siku kama ya leo huwa ni ya kushukuru na kujisifu. Kushukuru tutashukuru. Lakini kamati ilipokaa kuandaa sherehe hii tulikubaliana kwamba tuseme jambo moja tu, tuliseme lote, na tulianzie pale tulipokosea. Mwenzetu linayemhusu ametupa ruhusa. Ametuomba jina lisitajwe, nasi hatutalitaja.

Jambo lenyewe ni la mtoto aliyefungwa muhogo.

Wageni wetu wa kutoka mbali msishangae. Huku ziwani muhogo ndio ugali wetu, tunaulima, tunauvundika, tunautwanga. Lakini hospitalini muhogo ni ile plasta ngumu nyeupe anayofungwa mtu aliyevunjika. Na wapo watoto wachanga wanaofungwa muhogo bila kuvunjika popote. Ni wale wanaozaliwa na nyayo zimepinda kuelekea ndani, wataalamu wanaita mguu kifundo. Ukimtazama mtoto wa namna hiyo nyayo zake zinatazamana kama viganja vya mtu anayeomba.

Si ugonjwa wa ajabu. Tulivyoelezwa, dunia nzima katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa hivyo, wa kiume kuliko wa kike, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili. Haukuletwa na kijicho cha jirani. Haukuletwa na mama kula kitu fulani wala kuruka kamba ya nyavu. Hayo tuliyasema sana hapa kwetu, na tunaomba leo tuyaache.

Sasa tuanze na mwaka 2016.

Kikundi kilikuwa na mwaka mmoja. Tulikuwa wanawake ishirini na watano, hisa moja shilingi elfu mbili, na mfuko wa jamii shilingi mia tano kila wiki. Mwenzetu mmoja, mchuuzi wa usipa, akajifungua mtoto wa kiume mwenye mguu kifundo, mguu mmoja wa kulia. Mkunga wa zahanati akamwambia awahi hospitali, akampa na barua. Akaenda. Akafungwa muhogo wa kwanza, akarudi wiki iliyofuata akafungwa wa pili.

Mnakumbuka safari ya miaka ile. Lami haikuwapo kutoka hapa mpaka Mbinga. Kutoka hapa kupanda milima mpaka Mbinga, na kutoka Mbinga mpaka Songea, wakati wa masika ilikuwa si safari ya siku moja. Gari likizama kwenye tope mnashuka wote, na yeye anashuka na mtoto mwenye plasta mbichi. Na plasta ile hubadilishwa kila wiki. Kila wiki nauli, kila wiki chakula cha njiani, na kila wiki usipa wake unabaki bila mtu wa kuuanika.

Wiki ya tatu alikuja kikundini. Aliomba mambo mawili. La kwanza nauli kutoka mfuko wa jamii. La pili alisema kwa sauti ndogo tu, kwamba angepata mtu wa kukaa na mtoto siku mbili tatu kwa wiki, yeye ashuke ufukweni akatafute hela, maana shemeji yake aliogopa kumshika mtoto mwenye plasta, na mama yake mzazi alikuwa mgonjwa.

Tukafungua katiba. Katiba ilisema mfuko wa jamii ni kwa ajili ya msiba na kwa mwanachama au mtoto wake aliyelazwa. Mtoto hakuwa amelazwa. Alikuwa anakwenda na kurudi. Tukamwambia mama, katiba hairuhusu. Tukampa pole. Kuhusu mtu wa kukaa na mtoto hatukusema kitu kabisa, kila mmoja alitazama kanga yake. Ukweli ni kwamba tuliogopa. Tulisema moyoni, nikimbeba nikamvunja je? Akilia je? Akifia mikononi mwangu je?

Alirudi nyumbani. Mtoto alilia usiku, majirani wakasema plasta inambana, na yeye hakuwa na nauli ya kwenda kuuliza. Akailoweka kwenye beseni akaitoa. Hakurudi tena hospitali. Mguu ulikuwa umeanza kunyooka, ukarudi ulivyokuwa.

Sanduku letu siku ile lilikuwa na fedha. Lilikuwa na kufuli tatu na fedha ndani yake, na tulilifunga tukaenda nyumbani.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulimchelea mtoto yule, na miaka iliyofuata tulimwona anatambaa, anasimama, anatembea kwa ubavu wa mguu. Anapita hapa mbele yetu kila asubuhi kwenda shule. Sasa yuko darasa la tatu. Hajambo, ana akili, anaogelea kuliko wote. Lakini sugu lililoota pale kwenye ubavu wa mguu kila mmoja wetu analijua.

Ndugu zetu, tunakuja mwaka 2022.

Mwezi wa Oktoba mwenzetu mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, alijifungua mtoto wa kike. Nyayo zote mbili. Mumewe ni fundi mwashi, kazi zake ziko Mbinga mjini, analala huko na kurudi Jumamosi jioni. Mkunga alitoa barua siku ileile. Lakini wazee, na sisi wengine tukiwamo, tukasema mtoto bado mbichi, mkandeni kwa mafuta ya moto zitanyooka zenyewe. Zikapita wiki mpaka zikafika miezi mitatu.

Aliyekuja kuvunja ukimya ni yule mama wa usipa. Alikwenda nyumbani kwa mwalimu jioni, akamchukua mwanawe mkubwa wa miaka sita, akamvua kiatu, akasema: mwangalie huyu, halafu uendelee kukanda.

Kesho yake safari ikapangwa. Ilikuwa Januari 2023.

Hapo ndipo tatizo lilipokuja, na ndilo tunalotaka mlielewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 kama ni mapacha. Baba amepewa siku tatu. Kama mtoto angeanza kufungwa plasta wiki ya pili baada ya kuzaliwa, karibu kazi yote ingekwisha mama akiwa bado nyumbani. Lakini tulichelewa. Siku 84 zikaisha Desemba, shule zikafunguliwa Januari, na mtoto ndio kwanza anafungwa muhogo miguu yote miwili, kuanzia vidoleni mpaka juu ya mapaja, magoti yamekunjwa. Mama kazini. Baba kazini. Bibi mzaa baba alitoka Liuli kuja kusaidia, lakini ni mtu mzima, mgongo unamuuma, na mtoto mwenye plasta mbili ni mzito. Tena ni msimu wa mvua, mpunga unapandwa, kila mtu yuko shambani.

Dada wa kazi walimtafuta. Wa kwanza aliona plasta akasema hawezi. Wa pili alikaa siku mbili akaondoka usiku.

Mwalimu akaja kikundini. Maneno yake yalikuwa yaleyale ya mwaka 2016, kama vile ameyasoma mahali. Nauli, na mtu wa kukaa na mtoto.

Mama wa usipa akanyosha mkono kabla hatujafungua katiba. Akasema, Jumatatu ni yangu.

Jamani, tunaomba tumpigie makofi mama huyo ingawa hatumtaji.

Basi siku ile tukapanga zamu. Mwalimu mkuu wa shule alimsaidia mwenzetu kwa ratiba, vipindi vyake vikawekwa Jumatatu mpaka Alhamisi na Ijumaa akashikiwa na mwenzake, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kliniki. Kwa hiyo tulihitaji watu wa siku nne. Tukachagua wanne wa zamu na wanne wa akiba, mtu wa akiba akae jirani asikae mbali. Bibi akawa msimamizi wa wote, yeye ndiye anayejua mtoto amelalaje na ameamkaje. Jumapili ikawa ya baba. Watu mtaani walimcheka mwanzoni, fundi mzima amepakata mtoto barazani anafuta plasta kwa kitambaa. Baada ya muda wakawa wanakwenda kumwuliza anafanyaje.

Na hatukuanza kwa kubahatisha. Wale wanane wote walikusanyika kwa mwalimu Jumapili mchana, mama wa usipa akatuonyesha aliyofundishwa zamani, na mwalimu akatusomea aliyoandikiwa kliniki. Tunayataja hapa ili yabaki katika kijitabu, mwingine yakimkuta asianze upya.

Kwanza, vidole vya miguu. Hivi ndivyo macho yako. Kila baada ya muda unavitazama na kuvigusa. Viwe na joto na rangi yake ya kawaida. Unabonyeza kidole taratibu, kinapauka, ukiachia rangi inarudi mara moja. Vikiwa vya baridi, vimevimba, vimekuwa vya bluu au rangi hairudi, hakuna kungoja Ijumaa.

Pili, vidole vionekane vyote. Kama jana uliona vitano na leo unaona vitatu, plasta imeteremka na mguu umepanda ndani yake. Hapo plasta haifanyi kazi tena, inaumiza. Piga simu, nenda.

Tatu, maji. Plasta haitaki maji. Mtoto haogeshwi katika beseni, anafutwa kwa kitambaa cha unyevu. Nepi ivalishwe ndani ya ukingo wa plasta isiwe juu yake, ibadilishwe mara kwa mara, maana mkojo ukiingia ndani ngozi inaoza na harufu inakuja. Huku kwetu kuna joto, na mvua za Januari mnazijua. Tulikuwa na kipande cha turubai kwa ajili ya miguu ya mtoto, na mwavuli ni wa mtoto, wewe lowa.

Nne, usiingize kitu. Akijikuna au akilia usichokonoe ndani ya plasta kwa kijiti, usimimine mafuta wala unga.

Tano, kulaza na kubeba. Siku ya kwanza plasta bado mbichi, inabebwa kwa kiganja kizima bila kubinya kwa vidole. Akilala, kanga iliyokunjwa inawekwa chini ya miguu ili kisigino kisigandamizwe. Kuhusu kumbeba mgongoni tuliuliza kliniki kwanza, tukaambiwa plasta ikishakauka hakuna ubaya, bali tusimwache mtu mmoja abebe kutwa nzima.

Sita, homa, harufu mbaya, au kilio kisichonyamaza hata kwa ziwa. Yote hayo ni ya kupiga simu. Namba ya kliniki ilibandikwa mlangoni.

Na mwisho, daftari. Kila mwenye zamu aliandika saa aliyopokea, vidole vikoje, amekunywa mara ngapi. Mmoja wa wenzetu hajui kuandika, yeye alichora. Duara kwa kila kidole alichokiona. Vidole kumi, maduara kumi.

Kuhusu kunyonya nako kulikuwa na mabishano. Mtoto alikuwa hajafikisha miezi sita, anatakiwa maziwa ya mama tu. Wapo waliosema mpeni uji mwepesi, wenzenu wote walikulia uji. Mwalimu akakataa. Sheria ileile inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha ruhusa isiyozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, na shule ilikubali. Kwa hiyo mwenye zamu alimpeleka mtoto shuleni wakati wa mapumziko, na mchana mama alitoroka kidogo nyumbani. Katikati ya hapo walimnywesha maziwa aliyokamua asubuhi, kwa kikombe kisafi chenye kifuniko, si kwa chupa, na kwa joto letu hili hayakuachwa zaidi ya saa nne. Wazee walisema ziwa la kukamuliwa ni kama kumkamua ng'ombe. Mtoto alinenepa, wakanyamaza.

Ijumaa alfajiri mama na mtoto wanapanda basi hapa. Sasa lami ipo, kilomita 66 mpaka Mbinga, namshukuru Mungu na serikali yetu tunaishukuru. Pale stendi ya Mbinga baba anangoja, anapanda, anampokea mtoto mpaka Songea ili mama asinzie. Ijumaa baba alikosa kibarua, nauli ililipwa na mfuko wa jamii. Safari hii hatukusoma katiba kwanza. Tulitoa, halafu tukaandika.

Sasa tuwaeleze usiku mmoja, halafu tutaelekea mwisho.

Ilikuwa Jumatano, muhogo wa nne. Mwenye zamu alikuwa ni yule mwenzetu anayechora maduara. Jioni alichora maduara manane. Akahesabu tena, manane. Akasema labda macho yangu, akamwita bibi. Bibi naye manane. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havionekani.

Mwaka 2016 tungesema tungoje Ijumaa. Tukapiga simu. Tukaambiwa plasta imeteremka, mleteni kesho asubuhi, na usiku huu vidole vitazamwe kila saa. Vikibadilika rangi msingoje mtu, ilowekeni mwitoe wenyewe, mtoto aje bila plasta, itafungwa nyingine. Kutoa plasta, kumbe, si dhambi. Dhambi ni kutoa na kutorudi.

Nauli haikuwapo nyumbani. Sanduku linafunguliwa siku ya mkutano tu, Jumamosi. Mvua ilikuwa inanyesha ya kweli. Watunza funguo watatu wanakaa pande tatu za kijiji. Tukatuma watoto. Saa tatu usiku wote watatu walikuwa wamefika, kanga zimewaganda mwilini, kila mmoja na ufunguo wake shingoni. Tukafungua kufuli tatu kwa taa ya simu mbele ya mashahidi watano, tukatoa nauli, tukaandika, tukafunga. Mama wa usipa alikuwa mmoja wa mashahidi. Alishika taa. Hakusema neno, na sisi hatukuweza kumtazama.

Mtoto alifika Songea kesho yake saa nne asubuhi. Ngozi ilikuwa imechubuka kidogo tu. Akafungwa upya.

Baada ya mihogo sita nyayo zilikuwa zimegeuka. Kisha mtaalamu akakata kidogo ule mshipa mgumu wa nyuma ya kisigino, kwa ganzi, ni jambo la muda mfupi, akafunga muhogo wa mwisho wa wiki tatu. Tulielezwa kwamba njia hii ya kunyoosha kidogo kidogo kwa mikono na plasta iliasisiwa na daktari mmoja aitwaye Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, akafariki mwaka 2009 akiwa mzee sana. Na tukaambiwa jambo lililotufurahisha, kwamba ndugu zetu wa Malawi, ng'ambo ya ziwa hili tunalolitazama, walikwisha kuonyesha zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwamba kazi hii inaweza kufanywa vizuri na maafisa tabibu waliofundishwa, bila kungoja daktari bingwa. Na sisi tunaongeza, kwa upande wa nyumbani inaweza kufanywa na wachuuzi wa usipa.

Lakini muhogo ukitoka kazi haijaisha, na hapa wengi hujikwaa. Mtoto anapewa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo katikati. Miezi mitatu ya kwanza anavivaa saa 23 kwa siku, anapumzishwa saa moja. Baada ya hapo ni usiku na akilala mchana, mpaka afikishe miaka minne hivi. Mtoto analia siku za mwanzo, mama anaona huruma, anavivua, na nyayo zinarudi. Kwa hiyo zamu haikuvunjwa muhogo ulipotoka. Iliendelea miezi ile mitatu, na mpaka leo kuna mtu wa kupita jioni kuuliza tu: amevaa?

Mtoto huyo yuko hapa leo. Ni yule mwenye gauni la njano anayekimbia kimbia tangu asubuhi na kumchosha bibi yake. Mwache akimbie, bibi. Usimkataze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 2023 tulibadili katiba. Mfuko wa jamii sasa unalipa nauli ya mtoto anayetibiwa kwa kwenda na kurudi, si aliyelazwa tu. Sanduku linaweza kufunguliwa siku yoyote kwa mashahidi watano. Na tumeandika kifungu cha zamu: mwanachama mwenye mtoto mgonjwa wa muda mrefu anaporudi kazini, awe mwajiriwa, mkulima au mchuuzi, kikundi kitampa watu wanne kwa kadiri ya mahitaji, na mwenye zamu asipofika analipa faini kama ya kuchelewa mkutano. Tangu wakati huo kifungu hicho kimetumika kwa mtoto mwingine aliyevunjika paja kwa kuanguka mwembeni, na kimefanya kazi.

Tunasema mwajiriwa au mchuuzi kwa makusudi. Mwalimu alikuwa na sheria ya siku 84, na saa mbili za kunyonyesha, na mwalimu mkuu wa kumwomba. Mama wa usipa hakuwa na chochote cha namna hiyo. Hakuna mwajiri aliyempa likizo, na usipa haungoji. Kwake sheria ilikuwa ni sisi, na sisi tulimfungulia katiba.

Baadaye wapo waliomwuliza kwa nini alijitolea Jumatatu, baada ya yote tuliyomtendea. Alijibu hivi: mtoto hakuwa ameninyima mimi kitu.

Kwa hiyo tumeazimia jambo. Kijana wake sasa ana miaka tisa. Tumempeleka kwa wataalamu mwaka huu. Wametuambia kwa umri huu si rahisi kama kwa kichanga, plasta zitakuwa nyingi, na huenda upasuaji ukahitajika, lakini hawakusema haiwezekani. Muda wake wa kuanza ni likizo ya Desemba. Atafungwa muhogo akiwa na miaka tisa, atahitaji kubebwa kwenda chooni, atahitaji mtu wa kukaa naye, na shule ikifunguliwa atahitaji wa kumpeleka. Mama yake atahitaji kushuka ufukweni kama kawaida.

Michango yote ya leo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi na wafadhili wetu, itaingia katika mfuko wa jamii kwa kazi hiyo, na Mweka Hazina atasoma hesabu yake Jumamosi ijayo mbele ya kila atakayetaka kusikia. Fedha tunaziomba bila aibu. Lakini kwa wanakikundi tunaomba kingine. Pale mlangoni, karibu na sanduku, kuna daftari jipya. Lina siku saba za wiki na nafasi nne nne. Jumatatu imejaa tayari. Mwalimu ameandika jina lake zamani, na mumewe amechukua Jumapili.

Mkono mmoja haulei mwana. Tulikuwa na mikono hamsini mwaka 2016, tukaiweka mapajani. Asiyejua kuandika asiogope kulisogelea daftari. Achore duara, tutamjua.

Karibuni chakula. Ugali ni wa muhogo, ule wa kuliwa.

Akina mama hoyee!